Kilo Hizo Zimekaa Wapi?

Hotuba kwa wakulima, madereva na mafundi wa mitambo ya shambani

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo zangu. Asanteni kwa kuacha kazi zenu mkaja kunisikiliza. Leo nitazungumza juu ya chombo kimoja kidogo, na nitakizungumza kwa kirefu, kwa sababu nilikuwa nimeshika usukani siku kilipomvunja mguu mtu niliyempenda.

Chombo chenyewe ni kirefusho cha uma. Wengi wenu mnakijua: ni ala ya chuma, tupu ndani, inayovalishwa juu ya uma wa foklifti au wa loda ya trekta, yaani ile mikono ya kuinulia inayofungwa mbele, kama panga linavyoingia alani. Ukivalisha jozi moja, uma za mita 1.2 zinakuwa za mita 1.8. Kreti ndefu ambayo jana hukuweza kuifikia leo unaifikia. Unaisukumia chini ya fremu ya mashine ya kupandia, ncha zinatokea upande wa pili, unainua. Kazi ya watu sita imefanywa na mtu mmoja aliyeketi. Sishangai mkulima akikipenda.

Siku ninayoisema tulikuwa tunashusha mashine ya kupandia iliyofungwa ndani ya kreti. Kwenye karatasi za mzigo iliandikwa kilo 900. Kwenye kitabu cha loda iliandikwa tani moja. Tulikuwa watu wanne na wote tukafanya hesabu ileile kichwani: 900 ni ndogo kuliko 1,000, basi twende. Nikavalisha virefusho, nikaingia chini ya kreti, nikainua mpaka usawa wa goti, nikaanza kusogea. Gurudumu la mbele likaingia kwenye shimo dogo, shimo ambalo kwa miguu usingelijali. Nikahisi kiti kinapanda. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yameacha ardhi. Kreti ikateleza kuelekea ncha, na mwenzangu aliyekuwa amesimama pale mbele na gogo la kuegeshea hakuwahi kuondoka. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Alipona, anatembea, lakini hatembei kama zamani.

Hakuna aliyedanganya siku ile. Mzigo ulikuwa na kilo 900 kweli, na loda iliweza kuinua tani moja kweli. Tuliuliza kilo ngapi, tukaridhika na jibu. Hatukuuliza kilo hizo zimekaa wapi. Swali hilo ndilo lililonileta hapa, na mkiondoka nalo hilo peke yake sitasikitika.

Jioni ya leo mkifika nyumbani, shikeni jembe mwishoni mwa mpini, kwa mkono mmoja, mlinyooshe mbele. Baada ya muda mfupi kifundo cha mkono kitaanza kuuma. Kisha sogezeni mkono mpaka karibu na chuma, mlishike hapo. Jembe ni lilelile, hakuna aliyelipunguza, lakini sasa mnaweza kusimama nalo mkipiga soga. Mpini ni wenzo, na uma wa foklifti ni wenzo vilevile. Uzito unapokwenda mbali na egemeo, yaani pale wenzo unapopindukia, nguvu yake ya kupindua inaongezeka kwa kila sentimita. Kirefusho hakimpi mtambo nguvu yoyote ya ziada. Kazi yake ni kuupeleka mzigo mbali zaidi.

Tuanze na foklifti, maana hesabu yake ni nyepesi. Egemeo la foklifti ni ekseli ya mbele: mzigo uko mbele yake, na uzito wa mtambo wenyewe uko nyuma yake ukivuta upande wa pili. Kwenye bamba la foklifti mtakuta uzito unaoruhusiwa, na kando yake mtakuta umbali. Watu husoma ule uzito wakauacha umbali. Foklifti ndogo nyingi zimepimwa kwa umbali wa milimita 500, na kwa vipimo vya Marekani ni inchi 24, yaani karibu milimita 600. Umbali huo unapimwa kutoka uso wa mgongo wa uma, pale mzigo unapoegemea, hadi kitovu cha uzito wa mzigo. Kwa lugha nyingine, mtengenezaji anasema: nitabeba kilo hizi, mradi katikati ya mzigo pasiwe mbali zaidi ya hapa.

Chukueni foklifti ya kilo 2,000 kwa milimita 500. Tuseme kutoka ekseli ya mbele hadi uso wa uma ni milimita 400. Basi mzigo uko milimita 900 mbele ya egemeo, na 2,000 mara 900 ni 1,800,000. Namba hiyo ndiyo uwezo wa kweli wa mtambo huu. Sasa leteni mzigo wenye urefu wa mita 1.8, uzito wake umesambaa sawasawa. Katikati yake ni milimita 900 kutoka kwenye uso wa uma. Jumlisha zile 400, unapata 1,300. Gawa 1,800,000 kwa 1,300: kilo 1,384. Toa uzito wa virefusho vyenyewe, kwa kuwa navyo ni chuma na vimekaa mbele. Jozi ya kilo 60 inakuacha na kilo 1,320 hivi. Foklifti iliyoandikwa tani mbili imebaki na tani moja na theluthi, na hatujaanza hata kuinua juu. Kadiri mlingoti unaoinua uma unavyopanda, uwezo unazidi kushuka. Hesabu hii ni ya makadirio, ya kukufanya usite. Ruhusa yenyewe inatoka kwa mtengenezaji. Sheria ya usalama kazini ya Marekani, kwa mfano, inataka kibali chake cha maandishi kabla ya kuongeza kitu chochote kinachobadilisha uwezo wa foklifti, na bamba nalo libadilishwe. Mimi naliona jambo hilo kuwa la busara kwa mtu yeyote mahali popote, awe na mkaguzi au asiwe naye.

Sasa trekta. Hapa nitakaa zaidi, maana wengi wenu foklifti hamna, loda mnayo.

Baada ya ajali ile nilirudi na futi kamba. Kutoka ekseli ya mbele hadi uso wa uma nilipata mita 1.5, kwa sababu mikono ya loda inatoka mbele sana. Katikati ya kreti palikuwa mita 0.9 zaidi. Jumla mita 2.4. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.2. Tazameni kinachotokea: kilo 900 mara 2.4, gawa kwa 2.2, ni karibu kilo 980. Huo ndio uzito nilioutoa kwenye magurudumu ya nyuma nilipoinua kreti. Na ekseli ya mbele ilipokea zile 900 pamoja na hizo 980: karibu kilo 1,880 juu ya uzito wake wa kila siku. Nyuma sikuwa nimefunga hata kilo moja ya kusawazisha. Trekta ilikuwa inatembea kwa ncha za vidole, na shimo dogo likamaliza kazi.

Halafu kile kitabu cha loda. Nilikisoma upya, safari hii pamoja na maandishi madogo. Ile tani moja ilikuwa imepimwa kwenye pini za mwisho wa mikono, pale kifaa kinapounganishwa. Haikupimwa mbele ya uma, sembuse mbele ya uma zilizorefushwa. Wapo watengenezaji wanaotoa namba ya pini, wapo wanaotoa namba ya kiasi fulani mbele ya pini, na wapo wanaotoa zote. Ulizeni mmepewa ipi. Ulizeni pia kama ni ya usawa wa ardhi au ya mikono ikiwa juu kabisa, kwa kuwa hizo mbili hazifanani.

Kuna jambo la tatu kwenye loda ambalo nalisikia likizungumzwa mara chache sana. Loda ina silinda za kuinua mikono, na ina silinda za kuinamisha uma. Silinda za kuinamisha zinashindana na mzigo kwa umbali mfupi, kutoka kwenye pini tu. Kwao, kuhamisha kitovu cha uzito kutoka sentimita 50 hadi sentimita 90 ni kukaribia kuongeza mzigo maradufu. Ndiyo maana utaona mikono inapanda vizuri, huku ncha za uma zinainama polepole kama mtu anayesinzia. Dereva anavuta lever, zinarudi, kisha zinainama tena. Ukiona hivyo teremsha mzigo hapohapo. Usimwite mtu aje kushika mbele.

Mabaharia wanajua kwamba jahazi tupu bila farumi, yaani uzito wa kulisawazisha, halina usalama, hata kama bahari imetulia. Trekta yenye loda nayo inahitaji farumi yake. Kuna njia mbili zinazotumika sana: kujaza maji kwenye tairi za nyuma, kwa kawaida hadi robo tatu, au kufunga uzito kwenye mikono ya nyuma, yaani boksi la zege, la mawe au la chuma. Zote zinasaidia, lakini hazifanyi kazi moja. Maji ya tairini yanaiongezea ekseli ya nyuma uzito wake yenyewe, basi. Ekseli ya mbele haipati nafuu yoyote. Uzito uliofungwa nyuma ya magurudumu ya nyuma ni wenzo wa upande wa pili: boksi la kilo 600 lililoning'inia mita 1.1 nyuma ya ekseli linaiongezea nyuma kilo 900, na linaiondolea mbele kilo 300. Kwa hiyo fungeni boksi. Maji yawe nyongeza. Anayebeba mzigo kwa mzega hasemi kwamba upande mmoja unatosha.

Na magurudumu hayo ya nyuma yana kazi nyingine. Trekta nyingi breki zake zinashika nyuma. Nyuma ikiwa nyepesi, ukikanyaga breki tairi zinaburuzika tu na mtambo unaendelea kwenda, mteremkoni zaidi. Unapobeba kitu mbele, ingiza gia ya magurudumu manne kabla ya kuondoka, ili ekseli ya mbele, ambayo sasa ndiyo yenye uzito, isaidie kuzuia.

Nimezungumza kupinduka kwa mbele. Kupinduka kwa upande ndiko kunakoua zaidi, na hakukupi muda. Ekseli ya mbele ya trekta nyingi imeshikiliwa katikati kwa pini moja, ili magurudumu yafuate mashimo ya ardhi huku mwili umetulia. Kwa macho trekta inasimama juu ya magurudumu manne. Kwa uthabiti inasimama juu ya nukta tatu: magurudumu mawili ya nyuma, na ile pini ya mbele. Ukichora mistari unapata pembetatu, pana nyuma, nyembamba mbele. Mzigo wa loda unakivuta kitovu cha uzito kuelekea mahali pembamba, na virefusho vinakivuta zaidi. Ukiinua juu, kitovu kinapanda pia. Hapo mteremko mdogo wa pembeni, au gurudumu moja likipanda jiwe, vinatosha kukitoa nje ya mstari. (Foklifti ya kawaida pembetatu yake imegeuka: kitako kiko mbele, ncha iko nyuma kwenye ekseli ya usukani. Dereva wa foklifti aliyehamia kwenye trekta akumbuke kwamba amebadilishiwa sakafu.) Kwa hiyo mzigo ubebwe chini, sentimita 20 au 30 kutoka ardhini, na uinuliwe pale tu unapotaka kuutua. Fremu ya kinga ya dereva iwe imesimama, mkanda uwe umefungwa. Fremu bila mkanda haikuokoi, maana unarushwa nje yake na trekta inakufuata.

Sasa tukitazame kirefusho chenyewe.

Urefu una mipaka. Kanuni inayofuatwa Marekani ni kwamba kirefusho kisizidi mara moja na nusu ya urefu wa uma unaokibeba. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13284 kinataka uma ufike angalau asilimia 60 ya urefu wa kirefusho. Kwa uma wa mita 1.2, kanuni ya kwanza inakupa mita 1.8, ya pili mita 2. Mimi hushika ile fupi. Shambani ardhi si sakafu ya ghala. Kila mruko wa gurudumu unaongezeka ukifika kwenye ncha, na chuma ambacho hakina uma ndani yake kinabeba mruko huo peke yake.

Upana nao una maana. Kirefusho cha uma wa sentimita 10 kwenye uma wa sentimita 10, cha 12 kwenye 12. Kikibana hakiingii mpaka mwisho. Kikilegea sana kinacheza, na kinachocheza kinapinda. Kisukumwe mpaka nyuma kabisa kwenye kisigino, ile kona ya nyuma ya uma, kisha kifungwe. Vipo vya pini inayopita nyuma ya mgongo wa uma, na vipo vya kitanzi cha chuma. Pini iwe ile iliyokuja na kirefusho. Nimeona msumari ukitumika, nimeona waya, nimeona tawi la mti, naapa. Wakati wa kurudi nyuma, mzigo uking'ang'ania ardhi, kitu pekee kinachokizuia kirefusho kisichomoke na kubaki chini ya mzigo ni ile pini.

Kuna dada amenisimamisha pale mlangoni. Ana virefusho alivyochomelea mwenyewe kwa mabomba ya mraba, kazi safi ya mikono, ameniuliza vina ubaya gani. Dada yangu, nakuheshimu kwa kuuliza mbele ya watu, na nitakujibu kwa ukweli. Tatizo kubwa haliko kwenye mikono yako. Liko kwenye kutojua: chuma kile ni cha aina gani, unene wake unastahimili kilo ngapi kwa umbali gani, na weldi ile itachoka baada ya miinuko mingapi. Kirefusho cha kiwandani kina maandishi ya uwezo wake, na uwezo huo umepimwa. Cha kwako kitapimwa siku kitakapovunjika. Na jambo moja zaidi, kwa kila mtu: usichomelee kitu kwenye uma wenyewe, wala usiutoboe. Uma hutengenezwa kwa chuma cha aloi kilichopashwa moto na kupozwa kwa utaratibu wake. Moto wa weldi unaharibu utaratibu huo mahali palepale pa joto, na ufa huanzia hapo.

Ukikagua uma, anzia kisiginoni, pale unapopinda kuwa mgongo, ndipo panapobeba zaidi na ndipo panaposuguliwa na ardhi kila siku. Kanuni ni kwamba unene ukipungua kwa asilimia 10, uma unaondolewa kazini. Uma wa milimita 40 ukifika 36, mwisho. Watu hunibishia: milimita nne tu? Ndiyo, milimita nne. Uimara wa chuma dhidi ya kupinda unakwenda kwa mraba wa unene, kwa hiyo ukipoteza sehemu moja ya kumi ya unene umepoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu. Usivalishe kirefusho juu ya uma uliochakaa. Utakuwa umeuficha ugonjwa ndani ya ala.

Kabla sijasema namna ya kuinua, niseme namna ya kutoinua. Swali la kwanza mbele ya mzigo mrefu liwe: je, naweza kuingia upande mwingine? Mara nyingi sana mzigo unaoonekana unahitaji virefusho unahitaji tu lori ligeuzwe, au fremu ishikwe kwa upande wake mpana, kitovu cha uzito kije karibu na kisigino. Dakika kumi za kugeuza lori si hasara. Kama mashine ina upande mzito, kama jenereta au pampu yenye injini upande mmoja, uingie kwa upande huo, ule uzito ukae karibu nawe. Nikipewa kuchagua kati ya kurefusha uma na kusogeza mzigo karibu, nitasogeza mzigo kila mara.

Kirefusho kina kazi yake ya haki. Kreti ndefu isiyo na mlango upande wa pili. Fremu ya haro, ile mashine ya kulainisha udongo, yenye reli zilizo mbalimbali, ambayo uma fupi zingeishia katikati na kuacha upande wa mbele ukining'inia. Mageti, mabomba, mbao. Vitu vipana kuliko vilivyo vizito. Kinachokatazwa kabisa ni kuweka uzito wote kwenye ncha. Virefusho vimeundwa kubeba mzigo uliolala kwa urefu wake wote kutoka kisiginoni. Tangi la maji la lita 1,000 likijaa ni zaidi ya tani moja, kwa kuwa kila lita ya maji ni kilo moja, na tena lisipojaa kabisa maji yanacheza: ukifunga breki yanakimbilia mbele na kusukuma. Tangi la namna hiyo likiwekwa kwenye sehemu ya mbele ya virefusho, eti kwa sababu nyuma pana kitu kingine, ni hatari ambayo hakuna dereva hodari anayeweza kuituliza. Limwagwe kwanza, libebwe tupu.

Na tafadhali, msifunge mnyororo kwenye ncha na kugeuza kirefusho kuwa winchi. Mnyororo unateleza, uzito wote unakaa kwenye nukta moja, na mzigo unaobembea unavuta kila upande. Kuna mikono maalumu ya kuning'iniza, inafungwa kwa bolti, ina bamba lake. Wala msikitumie kuchokolea visiki.

Kuinua kwenyewe ni kazi ya subira. Nenda kwanza kwa miguu njia yote utakayopita, ujaze mashimo, uondoe mawe, uangalie juu kama kuna waya za umeme. Panua uma kadiri mzigo unavyoruhusu. Ingia polepole, na mtu mmoja tu, asimame pembeni unapomwona, akuambie ncha zimetokea wapi upande wa pili, maana wewe huzioni. Ncha zilizotokeza ni mikuki. Zinatoboa tangi la jirani, ukuta, tairi la lori, na zinapogeuka zinafagia eneo kubwa kuliko unavyodhani. Chuma juu ya chuma kinateleza, kwa hiyo weka ubao au mpira katikati, kisha funga mzigo kwa mikanda ya kukaza kwenye mgongo wa uma. Sisi hatukufunga. Kreti ile ingekuwa imefungwa, labda nyuma ingeinuka na kurudi chini, nasi tungecheka.

Inua sentimita tano. Simama. Hapa ndipo mtambo unazungumza nawe. Kwenye foklifti, usukani ukiwa mwepesi, magurudumu ya nyuma yameanza kuelea. Kwenye trekta, mwenzako atazame tairi za nyuma: zimetuna, zimepungua ule ubapa wa chini? Ncha zinainama? Umesikia haidroliki ikilia? Na msingoje kilio hicho kama ndiyo kinga yenu. Vali ya haidroliki inalinda haidroliki. Trekta inaweza kusimama kwa pua haidroliki ikiwa bado ina nguvu. Kama kuna dalili moja tu, shusha, fungua, panga upya au tafuta mtambo mkubwa. Aibu ya kushusha mzigo mbele ya watu inapita kabla ya chai. Kama kuko sawa, nenda mwendo wa mtu anayetembea. Mlimani mzigo uelekee juu, iwe unapanda au unateremka. Ukiteremka maana yake unarudi nyuma.

Na mtu yeyote asisimame mbele ya ncha. Mwenzangu alikuwa anasaidia. Alikuwa mtu wa kujitolea, ndiyo maana alikuwa pale. Dereva ndiye anayepaswa kusema hapana, na mimi sikusema. Tangu siku ile, mtu akiingia mbele ya uma zangu nashusha mzigo chini, nazima injini, nangoja aondoke. Wapo wanaokasirika. Nawaacha wakasirike.

Nadhani nimewachosha na maneno. Pale uani kuna trekta yenye loda, jozi ya virefusho, boksi la zege, na haro ya sahani iliyokaa juu ya fremu yake. Uzito wa haro umeandikwa kwenye bamba lake. Sijapima kitu chochote kingine, nimewaachieni. Tutapima kutoka ekseli hadi uma, tutatafuta kitovu cha haro, kisha kila mmoja aseme kama angeinua au asingeinua, na kwa nini, kabla hatujawasha injini. Na dada yangu, vile virefusho vyako umesema viko kwenye gari. Vilete navyo. Tutaanza na uma za loda hii, kisiginoni. Futi kamba hii hapa, shika upande huu.